Hangari ya Mume wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alianza kunizidi tukiwa watu wazima, kila mmoja wetu akiwa na watoto wanaompita kimo. Kabla ya hapo sikuwahi kumwonea wivu, na kusema kweli sikuwa na sababu. Mimi ndiye niliyesomea ualimu mpaka nikahitimu. Yeye aliacha shule akaolewa. Mimi ndiye niliyeitwa kusoma maandiko kanisani siku ya mazishi ya baba yetu, aliyekuwa karani wa reli hapa Kamina. Ukizuka ugomvi wa mahari au wa shamba katika ukoo, nilitumiwa mtu aje kuniita. Mdogo wangu alikuwa akicheka tu na kuosha vyombo. Tulipendana hivyo, mimi mbele na yeye nyuma, na sikumbuki hata siku moja aliyolalamika.

Waume zetu nao walifuata mpangilio huo huo. Wangu alijifunza injini huko Base, kambi ya jeshi, kwenye karakana ya malori yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwa askari. Alipotoka huko alifungua karakana uani kwetu. Pikipiki za magurudumu matatu, zile zinazobeba mizigo, hufika Kamina kwa treni zikiwa vipande vipande ndani ya masanduku, na lazima mtu aziunganishe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini hakuishia kuunganisha. Aliona kwamba sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, jinsi inavyotoka kiwandani, ni bati jembamba lisiloweza barabara zetu. Mtu akipakia mahindi au mkaa, mvua za msimu mmoja tu, chuma kinapinda na ekseli inakatika. Basi akawa anaitoa ile ya kiwandani na kuunda nyingine kwa vyuma vizito vya mabehewa yaliyotupwa, akiiongezea mihimili miwili ya chini. Wachuuzi wa samaki wanaotoka upande wa Bukama walikuwa wakisema pikipiki ya mume wangu inajulikana kwa mlio wake: haipigi kelele kama debe.

Mume wa mdogo wangu alikuwa akiuza petroli kwa madumu kando ya soko. Mtu mchangamfu, mdomo mtamu, anayemjua kila mtu kwa jina na kwa jina la mama yake. Siku moja alikuja uani kwetu akaomba kujifunza. Alikaa kiangazi kizima, akishika spana, akiuliza maswali, akila bukari yangu, ugali wa mahindi, kila mchana. Kisha akafungua karakana yake karibu na soko, na pikipiki zake zikatoka na mihimili miwili ya chini.

Nilimwambia mume wangu, "Baba ya batoto, huyu shemeki amekuibia."

Alikuwa amelala chini ya pikipiki, miguu tu ndiyo inaonekana. Akajibu kutoka huko chini, "Barabara iko mubaya kwa bantu yote. Kazi haitaisha."

Huyo ndiye mume wangu. Wakati mwingine mtu hutamani aolewe na mwanamume mwenye hasira kidogo.

Uchaguzi ulipokaribia, chama cha wakubwa kilikuwa kikitafuta pikipiki za kubeba vipaza sauti na bendera. Walikuja kwetu kwanza. Mume wangu aliwaambia kwamba zilizopo uani ni za watu waliomletea azitengeneze, hawezi kuzitoa. Wakaenda kwa shemeji. Yeye alizitoa zote, na yeye mwenyewe akaendesha ile ya mbele, amevaa fulana ya chama, huku mdogo wangu amekaa nyuma na akina mama wenzake wakiimba. Walipita mbele ya shule yetu nikiwa darasani. Wanafunzi wangu walikimbilia madirishani. Mdogo wangu aliniona akanipungia mkono kwa furaha, na mimi nikapunga kwa chaki.

Wakati ule bado sikuwa na wivu. Nilimwonea aibu.

Baada ya uchaguzi ukaja msimu mgumu. Treni ikawa haifiki, masanduku yakakwama njiani, na vipuri vikapanda bei hata mafundi wakakaa wakicheza dama. Uani kwetu palikuwa kimya hata kuku wakaanza kutaga ndani ya matairi. Kwa shemeji nako hivyo hivyo. Ndipo redio ikatangaza kwamba wakubwa wa jimbo wameamua kuinua utengenezaji wa vyombo vya moto hapa hapa kwetu. Karakana moja itachaguliwa. Itapewa ile hangari ya zamani ya kuhifadhia pamba karibu na stesheni, mashine ya kuchomelea, jenereta kubwa, na kazi ya kuunda pikipiki za mizigo kwa ajili ya vituo vya afya vya vijijini. Karakana itakayochaguliwa, redio ilisema, ni ile yenye ujuzi na uzoefu.

Nilisimama katikati ya sebule nikapiga makofi peke yangu. Ujuzi na uzoefu! Ni kama walikuwa wamemtaja.

Wajumbe wa tume ya kuchagua walikuja kuona karakana. Nilikuwa nimefagia ua tangu asubuhi, nimewafukuza kuku matairini, nimepika karanga na kununua soda. Walizunguka, wakagonga vyuma, wakauliza. Mmoja wao, mtu mzima mwenye miwani, alipanda nyuma ya pikipiki iliyokuwa tayari akarukaruka juu yake kama mtoto. Haikulia hata kidogo. Akashuka akamshika mume wangu mkono. "Papa, kazi yako inajionyesha yenyewe," alisema.

Wiki ile nilitembea kwenda shuleni kama mke wa mtu mkubwa. Nakumbuka niliwaza hata pazia. Hangari itakuwa na ofisi, ofisi itakuwa na dirisha, na dirisha litataka pazia. Nikachagua rangi kichwani. Nilimwonea huruma mdogo wangu. Nilipanga jinsi nitakavyomwambia mume wangu ampe shemeji kazi ndogo humo ndani, asiaibike.

Tangazo lilitoka wakati wa chakula cha mchana. Tulikuwa tumekaa, bukari na sombe ya majani ya muhogo mbele yetu, redio juu ya kabati. Walisoma jina la karakana. Halafu wakasoma jina la mwenye karakana, na lilikuwa la shemeji. Mkono wangu ulikuwa kwenye bakuli na haukutoka.

Mume wangu alimeza tonge lake. Akachukua lingine.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia."

"Na unakula?"

"Nisipokula, batabadirisha?"

Mchana huo huo mdogo wangu alikuja mbio, hata kitambaa cha kichwa hakukifunga vizuri. Alinikumbatia mlangoni. Alikuwa analia na kucheka, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya! Yaya, umesikia? Mungu iko mwema kwetu!" Alisema "kwetu". Hakunidhihaki, na kama angenidhihaki ningepumua, maana ningekuwa na jibu. Aliamini kabisa kwamba furaha yake ni yangu pia, kama vile siku zote furaha yangu ilivyokuwa yake. Nilimpigapiga mgongoni nikatazama ukuta.

Kisha akafuta macho akasema, "Siku ya kufungua, mukubwa ya jimbo mwenyewe atakuja. Bantu itakuwa mingi. Yaya, weye njo unajua kupika samaki ya wageni. Utanisaidia, hapana?"

Ndiyo jinsi nilivyojikuta, siku ya kufungua hangari, nyuma ya hangari, kati ya moshi na masufuria. Walikuwepo wanawake wengi, wote wamevaa vikwembe vya chama, vitenge vya kitambaa kimoja, rangi moja. Mdogo wangu alikuwa ameniletea changu kimekunjwa vizuri. Nilimwambia kitachafuka mafuta, nikabaki na nguo yangu. Yeye alikuwa ameshonewa mikono mipana yenye marinda, na kichwani kilemba kilichosimama. Sikuwahi kujua kwamba mdogo wangu ni mrefu. Miaka yote ile alikuwa akiinama juu ya beseni la vyombo, nami nikaamini ni mfupi.

Palikuwa na mlango wa nyuma uliokuwa wazi, na kutoka kwenye samaki wangu niliweza kuona ndani. Mashine ya kuchomelea ilikuwa imefungwa utepe. Mkubwa alikuwa mbele, amekaa kwenye kochi. Kando ya mkewe alikaa mdogo wangu, na kando ya mdogo wangu alikaa mama yetu. Mama, ambaye hajawahi kutoka kuja kuona karakana ya mume wangu hata mara moja, kwa sababu magoti yanauma, alikuwa ameletwa kwa gari.

Shemeji alisimama akapewa kipaza sauti. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alieleza jinsi barabara zetu zinavyovunja bati la kiwandani. Alieleza habari ya mihimili. "Minyi nilikaa, nikafikiri," alisema, akajigusa kichwa, "nikasema: hapana, mama mujamuzito hawezi kubebwa juu ya debe. Njo nikaweka chuma mbili chini." Watu wakapiga makofi. Mkubwa mwenyewe akainuka, akapanda nyuma ya pikipiki ya maonyesho, akarukaruka, na watu wakapiga vigelegele.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na ukuta, amevaa shati lake la kanisani. Alikuwa anapiga makofi.

Nilichukua jagi la maji nikaingia, si kwa sababu kuna mtu aliyeomba maji. Nilitaka mtu anione. Nilimmiminia mama glasi. Akanishika mkono, macho yake bado yako kwa shemeji, akasema kwa sauti ya chini, "Unaona mudogo yako? Baba yenu angeona hii."

Nilirudi kwa samaki. Walikuwa wameungua upande mmoja. Niliwageuza nikawapanga upande ule mzuri ukiwa juu.

Baada ya siku ile wivu ulinikaa kama kikohozi. Nilikuwa nikiamka nao. Nikimwona mdogo wangu na viatu vipya, nilijiuliza vimetoka wapi kabla sijamsalimu. Nyumba yao ilipowekwa bati jipya, nilizunguka barabara nyingine nisiione, kisha nikarudi kuiona. Mama alihamia kwao "kwa muda", akasema huko kuna umeme wa jenereta, anaweza kusikia redio. Mtu alipokufa katika ukoo, alitumwa mtu kumwita mdogo wangu, na yeye ndiye aliyekuja kunichukua mimi. Msibani nilitafuta mahali pa kukaa, nikakuta akina mama wameshasogea kumpisha yeye.

Nikaanza kusema. Shuleni, wakati wa mapumziko, nilisema ile hangari imetolewa kwa fulana na bendera. Walimu wenzangu walitazama chai zao. Mkuu wa shule aliniita akaniambia taratibu, "Mama mwalimu, unajua wenye kusikia habakosi." Lakini haikunitosha kulisema neno la bendera kwa walimu. Nilitaka kulisema mahali linapostahili kusemwa.

Basi nilivaa gauni langu la sikukuu nikaenda kwenye ofisi iliyosimamia mpango ule. Sikumwambia mume wangu. Nilisubiri kwenye benchi pamoja na wengine mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikaitwa. Mshauri wa mpango aliyenipokea alikuwa kijana nadhifu, adabu nyingi. Alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, akasema mdogo wake amewahi kupita shuleni kwetu.

Nilimweleza yote: Base, vyuma vya mabehewa, kiangazi ambacho shemeji alikaa uani kwetu. Nilimweleza habari ya yule mjumbe mwenye miwani na maneno yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole shavuni.

"Mama mwalimu," alisema, "sitakubishia. Bwana yako iko fundi. Hata minyi nimesikia."

"Sasa juu ya nini hamukumupa?"

"Tume iliketi, ikachagua. Kila kitu kilifuata utaratibu." Kisha akainama mbele, na sauti yake ikawa ya mtu anayemshauri shangazi yake. "Lakini niulize tu. Bwana yako alishafika ku mukutano yetu? Hata mara moja?"

"Yeye ni mtu wa kazi. Haendi mikutano."

"Aa. Njo vile." Akafungua mikono yake mitupu. "Tunasaidia bantu tunajua. Mutu haujui, utamusaidia namna gani?"

Nilimwangalia. Alikuwa anatabasamu, tena bila ubaya. Kama angekana ningepiga kelele, na kama angekiri ningepiga kelele pia, lakini alichonipa kilikuwa katikati, na sikujua nikishike wapi. Nilimshukuru. Mpaka leo najishangaa kwamba nilimshukuru. Alinisindikiza hadi mlangoni.

Kilichonikata zaidi kilikuja kutoka ndani ya nyumba yangu. Masanduku ya pikipiki yalianza kufika hangarini, na shemeji akagundua kwamba kuzungumza kuhusu mihimili si sawa na kuichomelea. Jioni moja alikuja uani kwetu, akakaa juu ya tairi, akamwomba mume wangu awe mkubwa wa mafundi huko hangarini. Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni. Nilisubiri nisikie hasira ya mume wangu, hatimaye.

"Ile mashini," mume wangu aliuliza, "inachomea chuma ya unene gani?"

"Yote. Hata ya reli," alisema shemeji.

"Nitakuja kesho."

Shemeji alipoondoka nililia. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya ukoo mzima. Kwamba atakuwa kibarua ndani ya kitu kilichostahili kuwa chake. Kwamba mihimili ile ni yake na sasa atauza kichwa chake kwa mtu aliyemwibia.

Alisubiri nimalize. "Mama," alisema, "maisha yangu yote nimechomea na kile kimashini kinazimika kila mara. Acha nishike muzuri mbele ya kuzeeka."

Akaenda. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba alifurahi. Alirudi jioni macho yamewiva kwa moto wa kuchomelea, akinieleza jinsi chuma kinavyoungana bila kuacha donge, jinsi walivyotoa pikipiki za kwanza na nesi wa kijiji akazunguka na mojawapo mbele ya stesheni. Nilimuuliza amekula nini. "Mudogo yako analeta chakula kwa bafundi yote," alisema. "Anaweka pilipili vile ninapenda."

Mtu anaweza kumwonea wivu dada yake kwa ajili ya pilipili. Sikujua kabla ya hapo. Kesho yake nilipika mimi, nikamfungia chakula kwenye bakuli lenye kifuniko, nikakibeba mwenyewe mpaka hangarini saa ya mchana. Mdogo wangu alinipokea mlangoni, akakichukua kwa mikono miwili, akawatangazia mafundi wote, "Leo tunakula chakula ya yaya yangu!" Akakigawa kwa wote. Mume wangu alipata vijiko vichache.

Mambo yalikwenda hivyo zaidi ya mwaka. Kisha huko juu wakubwa wakabadilika. Sisi wa chini hatukuelewa vizuri. Redio ilisema mmoja ametoka, mwingine ameingia, na chama kilichokuwa mbele kikawa nyuma. Vikwembe vya rangi ile viligeuka vitambaa vya kufutia meza. Wakubwa wapya walisema mpango wa hangari ulitolewa kwa upendeleo, kwamba watachunguza. Asubuhi moja mafundi walifika wakakuta polisi mlangoni na kufuli jipya. Mume wangu aliomba aruhusiwe kuchukua miwani yake ya kuchomelea. Hawakumruhusu.

Mdogo wangu alikuja kwangu mchana ule. Hakukimbia. Aliingia, akakaa kwenye mkeka, akavua viatu akaviweka kando. Nilikuwa nimeingoja saa ile kwa muda mrefu, na nilipoiona nilihisi kitu kitamu kikipanda kifuani. Kilifika hadi kooni. Nikaenda kumletea maji ili asinione uso.

"Yaya," alisema, "banasema tulipewa juu ya bendera. Ni kweli?"

Nilishtuka. Nilidhani siku zote alijua. Nilidhani alikuwa akijua na kuvaa viatu vile akijua.

"Bwana yako anasema nini?" nilimuuliza.

"Anasema alipewa juu ya kazi."

"Kazi ilikuwa ya nani?"

Taratibu nikaona ukweli unamwingia. Hakunikasirikia. Alichukua maji akanywa yote, akaliweka kopo chini, akasema, "Ungeniambia siku ile, kabla ya samaki."

Ningesema nini? Kwamba nilitaka aone mwenyewe? Aliondoka na viatu vyake mkononi.

Haikupita muda, watu wa upande mpya wakaja kwetu. Walikuwa wawili, wapole kama yule mshauri, na mmoja wao alijua kwamba mke wa fundi aliwahi kwenda ofisini kulalamika. Walinisifu kwa ushujaa. Walimwambia mume wangu kwamba haki yake imecheleweshwa tu. Mashine zipo, hangari ipo, wanataka mtu wa ujuzi. Kulikuwa na sherehe ndogo ya chama chao siku ya Jumamosi. Aje tu, asimame nao, watu wamwone. Na mimi nizungumze kidogo, nieleze jinsi wale wengine walivyotudhulumu.

Nitasema wazi: niliitaka. Niliitaka hangari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Wakati wale watu wanazungumza, pazia langu lilirudi kichwani na rangi yake. Nilimwona mama akiletwa kwa gari na kukalishwa kando yangu. Nilimtazama mume wangu, na naamini uso wangu wote ulikuwa unamwomba.

Mume wangu alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa siku ile haikuwa na mafuta. "Mashini ni muzuri," alisema. "Minyi ninaijua. Lakini nilikuwa pale ku mulango wakati inaondolewa mikononi mwa shemeki yangu. Siwezi kuingia na mulango ileile."

"Papa, yee alikuibia!" mmoja wao alisema.

"Aliniibia, tena nilikula chakula yake." Akawapa mkono wa kuwaaga. "Mutafute mwingine."

Walipotoka sikumsemesha mpaka siku ya pili. Nilipika, nikaweka chakula mezani, nikaondoka. Jioni ya siku ya pili aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba hata yeye alitamani. Kwamba alipokuwa anasema siwezi, mikono yake ilikuwa inaisikia ile mashine. "Basi tulikuwa wawili," nilimjibu, na hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na msamaha siku ile.

Wakampa mwingine. Mtu aliyekuwa akiuza saruji, aliyekuja Kamina si zamani, ambaye sikuwahi kumwona ameshika spana. Hangari ilipakwa rangi upya. Pikipiki zinazotoka humo sasa zina bati la kiwandani, jembamba, na kila moja imeandikwa ubavuni maneno ya kumshukuru mkubwa mpya.

Shemeji na mume wangu wanafanya kazi pamoja uani kwetu, na kile kimashine kinachozimika. Siku za kwanza shemeji alikuwa hawezi kunitazama. Kisha jioni moja, mteja kutoka Bukama alipouliza nani aliyebuni mihimili ile ya chini, nilimsikia akisema, "Huyu mukubwa yangu." Mume wangu, akiwa chini ya pikipiki, alinyoosha mkono akaomba spana.

Mama bado anakaa kwa mdogo wangu. Jenereta iliondoka, redio iliondoka, na nilikwenda mimi mwenyewe kumwambia arudi kwangu, nina nafasi. Akasema, "Hapana, mwanangu. Huku nimezoea. Mudogo yako ananichekesha." Nilibeba lile neno hadi nyumbani.

Mdogo wangu anakaanga bitumbula, maandazi ya mviringo, karibu na stesheni. Asubuhi nikienda shuleni napita kwake nachukua vyangu vya moto, na siku zote kuna watu wamemzunguka, waendesha pikipiki, abiria, askari kutoka Base, wote wanacheka kwa jambo alilosema kabla sijafika. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama hapo wakati gari la mke wa yule mtu wa saruji lilipopita kwenda hangarini. Alikuwa amekaa mbele, kitambaa cha rangi mpya, mikono mipana yenye marinda. Nilimfuata kwa macho mpaka gari likapinda kwenye reli.

"Yaya," mdogo wangu aliniita, uma mkononi, mafuta yanachemka. "Unaangalia nini vile?"

"Hakuna kitu," nilimwambia. "Nipe bitumbula yangu, kengele itanikuta njiani."